Droo Tupu

Kaunas, Februari. Mto Nemunas umeganda kingo zote mbili,
na katika chumba cha kadi, orofa ya tatu,
Skirmantė kavaa koti ndani ya nyumba,
anapanga maneno ambayo hakuna aliye hai
aliyewahi kuyasikia.

Kila neno lina nyota mbele yake.
Nyota si pambo. Nyota ni kukiri: shahidi hatuna,
tuna wajukuu tu,
na kwa pua za wajukuu tumechora pua ya babu.

Zipo droo zilizojaa hadi hazifungiki.
Ipo moja, chini kushoto, haina hata vumbi la karatasi.
Profesa Šakmanas aliibandika jina
kwa mwandiko wa mtu aliyefunga ndoa na kanuni:
Mashina Yasiyoweza Kuwapo.

Kanuni zenyewe Skirmantė anazijua
kama mtu ajuavyo miiko ya kwao.
Konsonanti moja haifungui shina kisha ikalifunga.
T haikai na bh chumba kimoja,
labda s iwe imetangulia mlangoni.
Na ghuna mbili kavu, zisizo na mpumuo,
d huku, g kule, vokali katikati,
haziozeshwi.
Kwa nini? Šakmanas huinua mabega.
"Waulize waliokufa miaka elfu sita.
Mimi naona tu viti walivyokataa kukalia."

Mwiko usio na sababu ndio mwiko hasa.

Jumanne akaandika kadi: d, e, g.
Hakuitoa kitabuni. Aliitoa jikoni kwao, Panevėžys,
usiku ambao baba alikuwa zamu ya zimamoto;
simu ikalia, akaijibu kwa neno moja,
akatumbukia kwenye buti kama anayeingia majini:
"Dega."
Kunaungua.

D. G. Kavu zote mbili. Shina moja.
Akaipeleka kadi, mkono ukimtetemeka,
kama mtoto aliyemfuma mwalimu akikosea hesabu.

Šakmanas hakukasirika. Alivuta droo nyingine,
akawatandaza ndugu mezani:
dahati ya Wahindi wa kale, djeg ya Waalbania,
foveo ya Warumi, iliyopoa mpaka ikawa kupasha joto tu.
"Hawa wote wameunguzwa na moto mmoja.
Itazame h iliyobaki Uhindini, f iliyobaki Roma.
Wahenga hawakuvunja mwiko, binti.
Walisema dh, wakasema gwh,
na pumzi kwa pumzi waliruhusiwa kukaa pamoja.
Ni sisi, Walithuania. Sisi pumzi ilitutoka.
Ilipotutoka, herufi zilizobaki
zikaonekana wahalifu."
Kisha akaendelea kuitafuta miwani
iliyokuwa usoni pake.

Jumamosi alikwenda Panevėžys.
Baba yuko kitini, mrija puani,
mashine ya hewa ikikoroma kando kama paka mzee.
Kiwanda cha kitani kilipowaka
aliingia mara tatu, akatoka mara tatu,
lakini si wote waliotoka naye:
nusu ya mapafu ilibaki kule.
Siku hizi husema konsonanti; vokali humgharimu.

Alitaka kumweleza habari ya pumzi, akashindwa pa kuanzia.
Akasema tu: "Baba, hebu sema dega."

Mzee akageuka jikoni. Akashika mikono ya kiti,
vifundo vikawa vyeupe, magoti yakaanza kazi.
"Wapi?"

"Hakuna mahali. Kaa. Nataka kulisikia tu."

Akamtazama muda mrefu, kama mtu anayeombwa
alipe deni ambalo halikumbuki.
Akalisema.
Kati ya d na e kulipita kitu chembamba,
filimbi, au mashine, au mlango wa jirani.
Hakumwomba arudie.

Jumatatu kadi ilikuwa bado mfukoni, imekunjika pembe.
Hakuitia katika droo tupu.
Ubavuni mwa d, ubavuni mwa g,
aliongeza h mbili kwa penseli, ndogo, hafifu,
kama anayepuliza kaa
asijue kama bado lina moto.

Nyota hakuiweka.